Kijana Asiwe Mzigo wa Safari

Kuna ugomvi ambao huzuka katika nyumba nyingi mwisho wa mwaka unapokaribia, na ugomvi huo haujapata hukumu ya haki. Baba na mama wamejinyima, wameweka akiba shilingi juu ya shilingi, na sasa wamekusudia kuwachukua watoto wao katika safari ndefu ya nchi za nje. Watoto wenyewe si wachanga tena. Mmoja ana miaka kumi na mitatu, wa pili kumi na mitano, wa tatu kumi na saba. Wazazi hutazamia shangwe, lakini hupata manung'uniko. Mkubwa asema hataki kuachana na rafiki zake. Wa kati auliza kama huko waendako simu zitashika. Mdogo hurudia lolote lililosemwa na wakubwa wake. Wazazi huudhika, huwaita watoto wao watovu wa shukrani. Watoto nao huudhika, huona kuwa wameburutwa. Safari huanza kwa uchungu, na mara nyingi humalizika kwa uchungu zaidi.

Nakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zina hatia. Wazazi hukosa kwa sababu hufanya shauri la safari peke yao. Vijana hukosa kwa sababu huridhika kuachwa nje ya shauri, kisha hudai haki ya kulalamika. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kijana ashike sehemu ya kazi ya kupanga safari, kazi ya kweli wala si ya mchezo, au kama hataki, akubali kunyamaza njiani kama mizigo mingine inyamazavyo.

Nitaanza na wazee, kwa kuwa wao ndio wenye fedha. Hoja yao ya kwanza ni methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ni ya kweli, nami siikanushi. Lakini wengi waitumiao hapa hawajapata kukitazama chombo. Jahazi lina nahodha mmoja, lakini pia lina serahangi, lina mshika usukani, lina wenye kutweka tanga, lina mpishi, na lina mwenye kufua maji ngamani. Nahodha aliyewafukuza hao wote ili amri yake isigawanyike angebaki na amri nzima na chombo kisichokwenda popote. Kijana haombi unahodha. Neno la mwisho ni la baba na mama, na lazima libaki kwao, kwa kuwa wao ndio watakaolipa, na wao ndio watakaoulizwa kama mtu akiugua au akipotea. Kijana apewe ubaharia.

Hoja yao ya pili ni kwamba mtoto hajui kitu. Hoja hii hutushangaza sisi walimu. Kijana wa miaka kumi na mitano amefundishwa kupima umbali kwa skeli ya ramani. Amefundishwa kugeuza fedha za nchi moja kuwa za nchi nyingine, kutafuta wastani, kuandika barua rasmi, na kusoma jedwali la mvua na joto. Kila moja ya kazi hizo hutakiwa katika kupanga safari. Mzazi hulipa karo miaka mingi ili mwanawe ajue mambo haya, kisha siku ile ambayo mambo haya yanahitajiwa nyumbani humwambia mwanawe aende akacheze. Elimu isiyotumika ni kama mbegu iliyosahauliwa ghalani. Haioti, na baada ya muda huliwa na wadudu.

Sasa nawageukia ninyi vijana, wala sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi wenu hamtaki kazi hii. Mwapenda kuchukuliwa. Mwapenda kuamshwa asubuhi, kupakiwa, kushushwa, kulishwa, na kisha kutoa hukumu kwamba mahali penyewe hapapendezi. Mtu ambaye hakuchagua, hakuhesabu, wala hakuuliza, ana haki gani ya kuhukumu? Mkosoaji wa kupendeza sana kwa wavivu ni yule akosoaye kazi ambayo alikataa kuifanya.

Tena mna kosa la pili ambalo ni baya zaidi. Kijana wa leo akiulizwa angependa kwenda nchi gani, hutaja Dubai, au London, au Paris. Akiulizwa atafanya nini huko, hana neno. Miji hiyo si mibaya. Ina mengi ya kumfundisha mtu aliyejitayarisha. Ubaya uko katika nia. Wengi huitaka si kwa sababu ya lililoko huko, ila kwa sababu ya picha itakayotumwa kwa wenzao waliobaki nyumbani. Picha hupigwa kwa dakika moja. Likizo ndefu ina majuma matatu. Nawapa swali moja la kupimia kila safari: siku ya tano, baada ya picha zote kupigwa, tutafanya nini? Mtu asiyeweza kujibu swali hilo hataki safari. Ataka kuonekana.

Mabishano matupu hayamsaidii msomaji, kwa hiyo na tuchukue mfano. Nimechagua safari ya kulizunguka Ziwa Victoria, kutoka Kisumu mpaka Kisumu. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi hawaihesabu kuwa safari ya nchi za nje. Hudhani kwamba nchi isiyofikiwa kwa ndege si nchi ya nje. Basi na watazame ramani. Ziwa hili ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na ni la pili duniani kwa upana miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Upana wake ni kilometa za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Kenya ni kama sita tu katika kila mia. Nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Mkenya anayesimama Kisumu na kusema kwamba amelijua ziwa hili ni kama mtu aliyesimama kizingitini na kusema kwamba ameijua nyumba.

Hata jina lenyewe ni somo. Waluo huliita Nam Lolwe. Waganda huliita Nalubaale. Jina la Victoria lilitolewa na Mwingereza, John Hanning Speke, aliyelifikia upande wa kusini, karibu na Mwanza, mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake. Jamaa itakayolizunguka itasikia majina yote haya, na kijana ataelewa bila kuhubiriwa kwamba kitu kimoja huweza kuwa na wenyewe wengi.

Yako mambo mengine njiani. Baada ya kutoka Kisumu, barabara ya kwenda Busia huvuka ikweta karibu na Maseno. Baada ya Kampala, barabara ya kwenda Masaka huivuka tena huko Kayabwe. Jinja ndipo Mto Naili unapotoka ziwani kuanza mwendo wake mrefu mpaka Bahari ya Kati, na hapo lipo bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kampala yapo makaburi ya wafalme wa Buganda, Kasubi, yaliyoungua kwa moto mwezi wa Machi mwaka 2010, kisha yakajengwa upya. Kusini ya Mutukula ni daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera; daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na vita vilivyofuata vilimwondoa mtawala huyo mwaka 1979. Karibu na Mwanza lipo daraja jipya la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi, lililofunguliwa mwaka 2025 mahali ambapo magari yalikuwa yakingoja kivuko. Kisiwani Ukerewe aliishi Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe hadithi kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja mpaka mwaka 1980 ndipo kitabu kilipopigwa chapa, na mwaka uliofuata akafariki. Na upande wa mashariki, si mbali na Musoma, ni Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere.

Nakuuliza, msomaji: je, hizi si nchi za nje? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Kwa miaka hiyo yote Wakuria wa pande mbili za mpaka, na Waluo wa pande mbili za mpaka, walitenganishwa na amri za serikali. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999. Leo njia iko wazi, na Busia, Mutukula na Isebania zimejengwa ofisi ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Kijana anayedharau njia ambayo wazee wake walifungiwa hana habari ya bahati yake.

Sasa tuje kwenye kazi. Safari ya namna hii ina mambo matano ya kutengenezwa: hati, afya, fedha, njia, na maarifa. Jamaa ya watu watano yaweza kuyagawa, kila mtu jambo lake, na wazazi wakawa wakaguzi wa yote.

Hati na zishikwe na mama au baba, lakini kijana mmoja awe karani wake. Uganda imekubali tangu mwaka 2014 kwamba Mkenya aingie kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kijana ambaye hajatimiza miaka kumi na minane hana kitambulisho hicho, na Tanzania hutaka hati ya kusafiria. Kwa hiyo kila mtu awe na pasipoti, na itazamwe tarehe ya mwisho wake, kwa kuwa nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiwa na muda usiotimia miezi sita. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja tu, au na shangazi yake, ni busara kuchukua barua ya idhini ya mzazi aliyebaki pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kazi ya karani ni kuandika orodha hii miezi minne kabla ya safari, wala si majuma mawili.

Afya ina hesabu yake. Chanjo ya homa ya manjano haitambuliwi mpakani mpaka zipite siku kumi tangu mtu achanjwe. Aliyechanjwa jana hawezi kuvuka leo kwa kutegemea cheti chake. Lakini cheti hicho, tangu mwezi wa Julai mwaka 2016, ni cha maisha; mtu akichanjwa mara moja hahitaji kurudia. Malaria iko kandokando ya ziwa lote, basi vyandarua na dawa viwemo. Tena maji ya ukingoni mwa ziwa yana kichocho, na kijana anayependa kuogelea ni lazima ajue hayo mapema. Nimesema kijana mwenyewe ajue. Mtu aliyesoma habari ya kichocho na kuwaeleza wenziwe mezani hahitaji kupigiwa kelele ufukweni.

Fedha apewe mwenye miaka kumi na saba. Najua kwamba hapa wazazi wengi watatikisa vichwa. Sisemi apewe mfuko. Nasema apewe daftari. Tuseme jamaa ya watu watano imeweka akiba shilingi 150,000 kwa siku 21. Kwanza hutoa sehemu moja katika kumi, yaani shilingi 15,000, na kuzitenga kwa ugonjwa au ajali. Zimebaki 135,000. Zigawe kwa siku 21. Utapata kama shilingi 6,430 kwa siku, ambazo ni kama 1,285 kwa kila mtu kwa nauli, kitanda, chakula na viingilio vyote. Kijana aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake hataomba soda ya tatu, wala hatanuna hoteli yenye bwawa la kuogelea ikikataliwa. Amekwisha kuiona sababu katika tarakimu zake mwenyewe. Baba angaliweza kusema "Hatuna fedha" mara mia moja, na neno lake lisingalifanya kazi ambayo mgawanyo mmoja wa hesabu umefanya.

Katika daftari hilo iko historia pia. Mpaka mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja. Sasa kila nchi ina yake, na shilingi za majirani zetu zina tarakimu kubwa kuliko zetu. Mtu hupokea maelfu kwa maelfu akajiona tajiri, kisha akashangaa kuyaona yamekwisha. Mshika daftari ageuze kila bei kuwa ya Kenya kabla ya ununuzi, na abadilishe fedha katika benki au katika duka lenye leseni, wala si kwa mtu anayekimbilia abiria barabarani.

Njia apewe mwenye miaka kumi na mitano. Mzunguko wote ni kama kilometa 1,500. Mjinga akiona hesabu hiyo husema kwamba siku tano zatosha, na kwa gari zatosha kweli, kama kusudi ni kuchoka. Mwenye akili ataweka amri mbili: siku mbili za mwendo mrefu zisifuatane, na asilale usiku mmoja mahali panapostahili siku tatu. Basi ataandika: Jinja siku tatu, Kampala nne, Masaka moja, Bukoba tatu, Mwanza nne, Ukerewe mbili, Musoma tatu. Jumla yake ni usiku 20, na siku ya 21 ni ya kurudi nyumbani. Mpango huu ukibishaniwa mezani ni vyema. Mdogo akitaka siku moja zaidi Jinja, na aonyeshe ni wapi patakapopunguzwa. Huko ndiko kujifunza kwamba siku, kama shilingi, ikitumika hapa haipo kule.

Mshika njia ana wajibu mwingine ambao si wa mchezo hata kidogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli iitwayo Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Meli ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Kwa hiyo jamaa itakayovuka kwenda Ukerewe, au itakayopanda basi popote, iwe imekubaliana mapema kwamba chombo kilichojaa kupita kiasi hakipandwi, hata kama nauli imekwisha kulipwa na siku itapotea. Mpango mzuri huacha siku moja ya kupotea. Anayepanga safari bila nafasi ya kuchelewa amejifunga kupanda chombo chochote kitakachokuja.

Maarifa yabaki kwa mdogo wa miaka kumi na mitatu, na asidhaniwe kuwa amepewa kazi nyepesi. Kabla ya safari atasoma na kuandika ukurasa mmoja kwa kila mji: nani aliishi hapo, nini kilitokea, watu husalimianaje, huvaaje wanapokwenda ibadani, hula nini. Ataandika kwamba mifuko ya plastiki imekatazwa Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu mwaka 2019, ili mtu asiaibike mpakani. Ataandika kwamba Tanzania mtoto humwamkia mkubwa kwa shikamoo, na hungoja marahaba kabla ya kusema shida yake; kijana wa Nairobi anayemrukia mzee wa Bukoba kwa maswali bila shikamoo ataonekana hana malezi, na aibu itawapata wazazi wake. Jioni, kabla ya kufika mji mpya, mdogo atausoma ukurasa wake na wakubwa watamsikiliza. Siku hiyo atakuwa mwalimu wa baba yake, na hatausahau mji ule mpaka kufa kwake.

Nimefika mahali ambapo msomaji mmoja ataniuliza kwa haki: "Mwalimu, kwetu hakuna shilingi 150,000. Hizi ni hadithi za watoto wa matajiri." Sitampita bila kumjibu. Kwanza, safari si deni la mzazi kwa mtoto. Kijana anayewasumbua wazazi wake wakope ili aonekane na yeye amesafiri anafanya uovu, na mzazi anayegusa karo ya Januari ili aende kutembea Desemba amemnunulia mwanawe furaha ya majuma matatu kwa bei ya muhula. Pili, mpango huweza kupunguzwa kama nguo. Aliye Busia huvuka mpaka kwa miguu. Aliye Migori hufika Isebania kwa nauli ndogo. Jamaa nyingi za pande hizo zina ndugu ng'ambo ya pili, ambaye hajatembelewa miaka mingi. Siku nne kwa shangazi aliyeolewa Tororo au Tarime, zikipangwa na vijana wenyewe kwa daftari na ramani, zina mafunzo mengi kuliko majuma matatu ya mtu aliyebebwa. Tatu, kujua kupanga hakulipiwi. Atakayepanga mazishi, harusi, shamba au duka atatumia akili zile zile: orodha, hesabu, siku, na nafasi ya yasiyotazamiwa.

Yuko mwingine atakayesema kwamba vijana wakikaa majuma matatu na wazazi wao lazima watagombana, mpango au pasipo mpango. Nakubali. Watu watano katika chumba kimoja Kampala watagombana kwa ajili ya kitanda, dirisha na bomba la maji. Lakini ugomvi uliotazamiwa ni mwepesi kuliko ugomvi wa ghafula. Kabla ya kuondoka, jamaa na iandike masharti yake: kila kijana awe na saa yake kila siku ambayo hatasumbuliwa, simu ziwekwe kando wakati wa chakula, za wazazi pia, kila mtu awe na siku moja katika safari ambayo yeye ndiye mchaguzi, na wengine wamfuate bila kununa. Mzazi ayafuate masharti hayo kama kijana ayafuatavyo. Mzazi anayewanyang'anya watoto simu huku yake ikilia mezani hafundishi adabu. Hufundisha kwamba sheria ni za wanyonge.

Wapo pia wazee watakaosema: "Sisi tulichukuliwa tu, wala hatukuulizwa, na hatukufa." Ni kweli hawakufa. Lakini wengi wao wakiulizwa habari za safari hizo hukumbuka kutapika ndani ya gari na kuchapwa kwa kuuliza maswali. Ikiwa fedha zao zilinunua hayo, zilinunua kidogo.

Mwisho nataka niseme lililo kubwa kuliko hati na fedha. Kijana wa miaka kumi na mitano amebakiwa na likizo chache za kuwa mtoto katika nyumba ya wazazi wake. Akitimiza kumi na minane ataondoka kwenda chuoni, au kazini, au mjini kuitafuta kazi. Na tangu siku hiyo atarudi nyumbani kama mgeni mpendwa. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni Desemba ngapi zimebaki? Labda ni tatu. Wazazi huijua hesabu hiyo, ndiyo maana hujinyima na kutaka safari. Lakini huona haya kusema, basi hutoa amri mahali pa kusema kwamba wanakupenda. Wewe nawe hujui, basi hunung'unika. Hivyo Desemba moja hupotea, kisha ya pili.

Kwa hiyo usingoje kuitwa. Kama kwenu kuna nia ya safari, ya mbali au ya karibu, mwendee baba au mama jioni hii na daftari na kalamu. Usiseme, "Mtanipeleka wapi?" Hayo ni maneno ya mzigo. Sema, "Baba, mama, nipeni sehemu yangu ya kazi." Wakikukatalia, omba tena kwa adabu, na uwaonyeshe hesabu uliyokwisha kuifanya, mzazi hukataa maneno kwa urahisi, lakini huona vigumu kukataa hesabu iliyo sahihi. Wakikupa, ifanye mpaka mwisho, hata ikichosha, kwa maana watu wanne watalala njaa au watashiba kwa kutegemea karatasi yako.

Na ninyi wazazi ambao kitabu hiki kitawaangukia mikononi kwa kukiokota juu ya meza ya watoto wenu, someni ukurasa huu nanyi. Mnataka mwanenu awe mtu mzima mwenye kutegemewa. Utu uzima hauji siku ya kuzaliwa ya kumi na minane kama barua ya posta. Huanza siku ile mtu mkubwa amkabidhipo kijana jambo la maana, kisha akajizuia kumnyang'anya.